Jibu: Mama ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana pumzi), apumzike tu au atembee?

Pole sana dada, mpe mama pole. Hao majirani wanaosema alale tu wanakosea, akilala tu misuli inalegea na pumzi inazidi kuwa fupi. Mpeleke hospitali ya Bombo, Tanga, uulizie fiziotherapia, siku hizi mazoezi ni tiba kabisa kwa COPD, kawaida wiki 6 hadi 8, anatembea na kunyanyua vitu vyepesi huku wakimuangalia. Pumzi ikimbana avute taratibu kwa pua halafu atoe kwa midomo aliyoibana kama anapoza chai, kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Na inhela anaipulizia moja kwa moja mdomoni? Dawa nyingi inaishia kooni, ulizia spesa, kile kichupa cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, ikikosekana chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni inhela ikakaa vizuri inasaidia, mwombe mfamasia awaonyeshe. Midomo ikigeuka bluu usingoje asubuhi, kimbia naye hospitali.