Chesisi ya Series III ina kutu: usikimbilie rangi

Ndugu, nimekuelewa: umeshusha bodi ya Land Rover Series III yako, umekuta chesisi ina kutu, na unauliza upake rangi au utafute nyingine. Rangi isubiri. Chesisi hiyo, yaani fremu inayobeba gari zima, ni mihimili ya chuma yenye uwazi ndani kama boksi, na huoza kuanzia ndani, kwa hiyo uso safi hauthibitishi chochote. Igonge yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, au nyundo inazama. Kagua zaidi boriti ya nyuma kabisa na sehemu zinaposhikiliwa springi.

Matundu machache kata mpaka ufikie chuma kizima, kisha chomelea. Yakiwa yameenea, mimi ningenunua chesisi mpya iliyochovywa kwenye zinki, maana viraka vingi huipinda ile ya zamani. Ila uliza kwanza mamlaka ya usajili kuhusu namba ya chesisi. Kabla ya kufunga chochote, pima mishazari yote, yaani kutoka kona hadi kona ya upande wa pili. Ikitofautiana, hiyo ni kazi ya fundi wa kunyoosha chesisi.

Bodi kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, nayo ikigusana na chuma penye unyevu huliwa. Weka mpira katikati.

Mabomba ya breki badilisha yote, hata yanayoonekana mazima. Tangi la mafuta litoe kabisa kabla ya kuchomelea, na usivute moshi wa zinki, ni sumu. Kama hujazoea kuchomelea, sehemu za springi na usukani mwachie mtaalamu. Hapo sina mjadala.

Na piga picha kila waya kabla ya kuufungua.