Jibu: Mngurumo kwenye bodi ndogo ya TDA2030

Salamu ndugu. Umesema amplifaya yako ya TDA2030 (aisii, yaani chipu, ya kukuza sauti) ilitulia ulipoijaribu kwa nyaya, ila tangu uihamishie kwenye bodi ndogo inanguruma hata bila muziki.

Angalia graundi (njia ya pamoja ya kurudisha umeme) kwanza. Bodi yangu ya kwanza, niliyoichora hapa Kampala, ilikuwa na kosa hilo: graundi ya ingizo ilipita njia moja na mkondo mzito wa spika. Nilikata shaba kwa wembe, nikavuta waya wake peke yake hadi kwenye kapasita kubwa ya pawa saplai. Kimya kabisa! Kubana nafasi ni kuzuri, lakini si hapo.

Kisha sogeza kapasita za nF (nanofaradi) 100 karibu kabisa na miguu 3 na 5 ya aisii, ile ya saplai. Na kama saplai ni ya pande mbili (chanya na hasi), weka maika (kipande chembamba kisichopitisha umeme) kati ya aisii na bati la kupoza, maana bati la aisii yenyewe limeungwa na mguu wa 3, yaani upande hasi.