Maswali na majibu: Kihariri kisikudanganye

*Nafanyaje ili mwandishi wa wiki yetu (tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri) ya wakulima wa zabibu aone ukurasa vilevile utakavyochapishwa? (Hombolo)*

Kihariri, yaani sehemu ya kuandikia, na ukurasa wenyewe visome faili moja la CSS, lile linalopanga rangi, fonti na nafasi. Ukitengeneza la pili "linalofanana", baada ya miezi miwili kila moja litakuwa na sura yake.

Ila sura ni kazi nyepesi, na hata hivyo visifanane asilimia mia. Kazi ngumu inakuja kwenye kuhifadhi, na huko hamniulizi kamwe. Msimbo wa wiki, yaani maandishi ghafi yenye alama zake, unageuzwa HTML, lugha inayosomwa na kivinjari, ili mwandishi auone ukurasa, kisha HTML hiyo lazima irudi kuwa msimbo. Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, waliunda programu ya Parsoid kwa safari hiyo ya kwenda na kurudi: mstari ambao mwandishi hakuugusa unarudi kama ulivyokuwa, hata nafasi zake. Wewe ukiandika upya ukurasa mzima, mtu atasahihisha herufi moja kwenye ukurasa wa "Mpunguzi" na historia ya ukurasa itaonyesha mistari arobaini imebadilika. Nani atakagua arobaini? Humo humo ndimo mhuni anapopenyeza uongo wake.

*Mbona unasema visifanane asilimia mia? (Area C)*

Kwa sababu anayesoma na anayeandika hawana kazi moja. Msomaji akibofya kiungo anahama. Mwandishi akikibofya anataka kukirekebisha. Maoni yaliyofichwa kwenye msimbo msomaji hayamhusu, lakini mwandishi asipoyaona atayafuta bila kujua.

Tazama na vigezo, vile vipande vya msimbo vinavyotumiwa tena kwenye kurasa nyingi. Kisanduku cha habari cha ukurasa wa Dodoma kinaonekana kama jedwali, ila ndani ya ukurasa kuna jina la kigezo na thamani tu. Ukimwachia mtu aandike juu ya jedwali lile, maneno yake yataenda wapi? Mfungulie fomu.

*Nikibandika kutoka Word, rangi na fonti zinavuruga ukurasa. (Singida)*

Mara ya tatu mwezi huu! Bakiza vichwa, viungo, orodha na herufi nzito; mengine yachujwe papo hapo wakati wa kubandika.

*Ofisini kinafanya kazi vizuri, wanafunzi wanalalamika. (Mpwapwa)*

Ofisini una skrini pana na intaneti ya waya. Wanafunzi wana simu zilizopasuka kioo na bando la siku. Picha uliyoiweka kulia pembeni mwa aya, kwao inaweza kujaza upana wote. Basi hakuna "ukurasa utakavyoonekana" mmoja. Weka kitufe cha kuonyesha upana wa simu, na kihariri kizito kisipakiwe mpaka mtu abonyeze Hariri. Wengi wamekuja kusoma tu.

*Tuondoe "Hariri chanzo", kitufe cha kuandika msimbo wenyewe? Inawatisha wageni. (Kondoa)*

Thubutu! Julai 2013 Wikimedia walianza kuwapa watu VisualEditor, kihariri kinachoonyesha ukurasa badala ya msimbo, kama chaguo-msingi kwenye Wikipedia ya Kiingereza, na chanzo hakikuondolewa. Hata hivyo wahariri walikuja juu, na Septemba ya mwaka huohuo kihariri hicho kikarudishwa kuwa cha hiari. Siku kigezo kikivunjika, atakayekitengeneza atapitia kwenye chanzo.

*Kitufe cha kumalizia kuhariri kiandikwe "Hifadhi" au "Chapisha"? (Kisasa)*

"Chapisha". Aliyebonyeza "Hifadhi" anadhani ameweka rasimu kabatini.