Maswali ya Wasomaji: Mto Mmoja, Mistari Miwili

Safu hii leo inajibu barua zinazohusu malango ya mtandaoni ambako taasisi za umma huweka ramani na data zake za kijiografia ili yeyote azitazame au azipakue.

SWALI: Ndugu Mhariri, simu yangu tayari ina ramani inayonionyesha barabara, majengo na hata foleni za magari. Kwa nini basi serikali zitumie fedha za umma kujenga malango mengine ya ramani? – Msomaji mwenye shaka

JIBU: Ramani ya simu imetengenezwa ili ikufikishe uendako, na kwa kazi hiyo hakuna lango la serikali linaloikaribia. Lakini ukitaka kujua mpaka rasmi wa hifadhi ya msitu unapita wapi, udongo wa bonde fulani ni wa aina gani, au maji ya chini ya ardhi yalipimwa lini kwa mara ya mwisho, ramani hiyo haitakujibu. Tena, hata yale unayoyaona humo kwa kawaida huruhusiwi kuyachukua kama data na kuyafanyia hesabu zako mwenyewe.

Lango la umma kimsingi ni katalogi: linakueleza ni data gani zipo, nani anazitunza, na utazipataje. Shabaha yake ya awali ilikuwa kuzuia idara mbili zisilipie kazi ileile mara mbili. Nchini Marekani, amri ya rais namba 12906 ya Aprili 1994, iliyotiwa saini na Bill Clinton, ilizitaka taasisi za shirikisho ziandike maelezo ya data zake kwa utaratibu mmoja, na zitafute kwanza katika mtandao wa pamoja kabla ya kutumia fedha kukusanya data mpya. Umoja wa Ulaya ulifuata njia hiyo mwaka 2007 kwa sheria iitwayo INSPIRE, iliyotaja mada 34 za data ambazo nchi wanachama zinapaswa kuzishirikisha, kuanzia mipaka ya utawala hadi makazi ya viumbe. Faida ya kufungua milango ilionekana wazi mwaka 2008, Marekani ilipoanza kutoa bure picha za setilaiti za Landsat, ambazo kabla ya hapo picha moja ya Landsat 7 iliuzwa kwa dola 600. Watafiti waliokuwa wakinunua picha moja moja kwa kubana matumizi sasa waliweza kufuatilia eneo lilelile kwa miongo kadhaa.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandaa ramani ya maeneo yanayofurika. Nimepakua tabaka la mito (yaani faili la ramani lenye mito peke yake) kutoka lango la serikali na jingine kutoka lango la shirika la kimataifa. Nikiyaweka pamoja kwenye programu, mto mmoja unaonekana kama miwili, ikiachana kwa takriban mita 200. Nimwamini nani? – Mwanafunzi wa uhandisi wa maji

JIBU: Usimwamini wala kumkana yeyote kabla hujazoom kwa makini na kutazama namna mistari hiyo inavyoachana, kwa kuwa sura ya tofauti hueleza chanzo chake.

Ikiwa mstari mmoja umesogea kuelekea upande uleule kwa umbali unaolingana tangu chanzo hadi mdomo wa mto, shuku datamu, yaani mfano wa umbo la Dunia uliochukuliwa kuwa msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo. Ramani nyingi za karatasi za karne iliyopita zilichorwa kwa datamu za kieneo, ilhali vipokezi vya GPS hutumia ile iitwayo WGS 84. Jozi ileile ya namba, ikisomwa kwa datamu mbili tofauti, inaweza kuangukia sehemu mbili zilizo mbali kwa mita mia kadhaa. Hapo hakuna aliyekosea kupima. Kilichokosekana ni kuiambia programu yako datamu sahihi ya kila tabaka, nayo italigeuza bila taabu.

Ikiwa mistari inakutana mahali pengi lakini inaachana kwenye kona, mmoja ukijipinda na mwingine ukikata moja kwa moja, tatizo ni skeli, yaani uwiano wa umbali wa kwenye ramani na ule wa ardhini. Katika ramani ya 1:250,000, mstari wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 125 za ardhini, hivyo mchoraji analazimika kunyoosha kona ndogo. Ramani hiyo ikishaingizwa kwenye kompyuta, unaweza kuikuza hadi mto ujaze kioo kizima, lakini usahihi hauongezeki hata kwa mita moja. Hili ndilo kosa ninaloliona likirudiwa zaidi na watu waliosoma vizuri, na nadhani ni kwa sababu kitufe cha kukuza kinatoa ahadi ambayo data haiwezi kuitimiza.

Na ikiwa mistari inalingana kote isipokuwa kipande kimoja au viwili, huenda mto wenyewe umehama. Mito ya nyanda tambarare hula kingo zake na hukata mikondo mipya, kwa hiyo tabaka lililochorwa kutokana na picha za anga za zamani linaweza kuwa sahihi kabisa kwa mwaka wake. Pakua picha ya setilaiti ya Sentinel-2, ambayo hutolewa bure na katika baadhi ya mikanda yake, yaani aina za mwanga inazozinasa, kila nukta huwakilisha mita 10 za ardhi, kisha uiweke chini ya mistari yote miwili.

Yote haya, yaani datamu, skeli na mwaka wa upimaji, yanapaswa kuandikwa katika metadata, yaani maelezo kuhusu data, inayoambatana na kila tabaka, na kiwango cha kimataifa cha ISO 19115, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2003, kina hata nafasi ya kueleza data zilitoka wapi na zilipitia mikono gani. Angalia tu kwamba tarehe ya kupakiwa kwenye lango si tarehe ya kupimwa. Binafsi ningechagua lango lenye matabaka ishirini yaliyoelezwa vyema kuliko lenye maelfu ambayo sehemu ya maelezo imeachwa tupu. Hayo maelfu humpendeza anayezindua lango kuliko anayelitumia.

SWALI: Lango limeandika kwamba data zake ni “wazi”. Je, ninaweza kuchapisha ramani na kuiuza? – Mchora ramani

JIBU: Tafuta jina la leseni, kwa maana neno “wazi” peke yake halikulindi. Chini ya leseni ya CC BY 4.0, mojawapo ya leseni za Creative Commons, unaweza kuuza, mradi umtaje mwenye data na kueleza kama umezibadilisha. Data za OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia unaochorwa na watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2004, ziko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata zilizo wazi, tangu mwaka 2012: ramani iliyochapishwa unaweza kuiuza ukitaja chanzo, lakini ukiiboresha hifadhidata yenyewe na kuitumia hadharani, unatakiwa kuitoa hifadhidata hiyo kwa masharti yaleyale. Pasipo na leseni yoyote, usichukulie ukimya kuwa ruhusa; omba kibali kwa maandishi.

SWALI: Nimepakua takwimu za wakazi na majina ya safu za jedwali yamekatwa katikati. Je, faili limeharibika? – Karani wa takwimu

JIBU: Halijaharibika. Umepakua muundo wa faili za ramani uitwao shapefile, ambao ni wa miaka ya 1990 na hauruhusu jina la safu kuzidi herufi 10. “Idadi_ya_wakazi_2010” na “Idadi_ya_wakazi_2020” zote hubaki “Idadi_ya_w”, na programu nyingi huongeza namba tu ili kuzitofautisha, bila kukuambia ipi ni ya mwaka gani. Zaidi ya hayo, shapefile ni kundi la mafaili yanayopaswa kukaa pamoja, na lile lenye tamati ya .prj, ambalo ndilo linalotaja datamu, ndilo hupotea mara nyingi watu wanapotumiana kwa barua pepe. Ikiwa lango linatoa pia muundo wa GeoPackage, chukua huo, kwani huweka kila kitu katika faili moja na majina hubaki kamili. Kama halitoi, pakua vilevile jedwali la CSV la data hizohizo na ulinganishe thamani za safu kabla hujaanza kujumlisha chochote.