Jibu: Vidonge havizibi vali, lakini asiviache

Dada, umeuliza kama vidonge alivyopewa mama hapo Lamu vitaziba vali ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, inayovuja. Havizibi. Vali ni mlango mwembamba. Wake haufungi sawasawa, basi kila moyo unapojibana damu kiasi inarudi nyuma, upande wa mapafu. Ndiyo maana akilala chali pumzi inakatika. Furosemide, kidonge chake cha kukojoza, inatoa maji yaliyozidi, mzigo unapungua.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: siku ya safari kidonge kinarukwa kwa kuogopa mkojo kwenye boti ya Mokowe na kwenye basi. Tafadhali asiruke. Muulizeni daktari kama anaweza kukimeza akishafika. Nguvu ya kidonge hukaa kwa muda wa saa 6 hivi. Ng'onda na achari azipunguze sana, chumvi hushika maji. Apimwe uzito kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, mpelekeni hospitali.

Ukubwa wa uvujaji utaonekana kwenye eko, yaani picha ya moyo ya ultrasound. Ukiwa mkubwa, msingoje achoke kabisa, maana moyo ukishalegea faida ya upasuaji hupungua. Ikiwezekana, kurekebisha vali yake mwenyewe ni bora kuliko kuibadilisha. Vali mpya ni za aina mbili. Ya tishu, inayotokana na mnyama, huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15. Ya chuma hudumu, ila atameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kuichagua jueni kipimo hicho mtakipata wapi.