Nilisema ukweli kwenye dodoso, sasa naandamwa kazini. Nijiuzulu?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Meneja wetu mpya aliitisha kikao akatuambia tuseme kwa uhuru yote yanayotukera, hakuna atakayeadhibiwa. Baada ya hapo likaja dodoso lisilo na majina. Nikaandika mambo matatu: kwamba ana upendeleo, kwamba mipango yake hubadilika kila wiki, na kwamba saa za ziada hatulipwi. Wiki tatu baadaye niliondolewa kwenye mradi niliouanzisha mwenyewe. Tathmini yangu imeshuka kutoka "vizuri sana" hadi "chini ya kiwango", na sasa nimepewa miezi mitatu ya kuboresha utendaji. Nilichoandika ni kweli tupu, wenzangu wote wanajua. Kuna mshauri wa mambo ya ajira mtandaoni ambaye ameniambia nijiuzulu mara moja kisha nishtaki kwamba nimelazimishwa kuacha kazi. Anasema nitashinda kwa sababu mwenye ukweli hashindwi. Nimekuambatanishia rasimu ya barua yangu. Niipeleke?

JIBU: Usiipeleke. Natanguliza hilo kwa sababu barua kama yako hunifikia kila mara, na nyingi hufika zimechelewa: mtu amekwisha kurudisha kitambulisho na kompyuta ya ofisi, ndipo anauliza haki zake.

Ubaya wa kulipiza kisasi unaujua, ndiyo maana umeandika, kwa hiyo hapo sikai. Kinachonichosha ni hilo neno la mshauri wako, kwamba mwenye ukweli hashindwi. Nimelisikia kwa madereva, kwa wauguzi, kwa wahasibu, hata kwa maofisa wa rasilimali watu siku yalipowafika wao. Wanaamini sheria ya kazi ni mlinzi wa msema kweli. Sivyo. Sheria huuliza kwanza ulikuwa unasema juu ya nini, ulimwambia nani, na je, aliyekuadhibu alijua kuwa ni wewe. Ukweli wa maneno yenyewe huja nyuma ya hayo, na kuna kesi ambazo hauji kabisa.

Tazama kesi mbili za Marekani zilizofika Mahakama ya Juu, zote chini ya sheria ileile ya mahusiano ya kazi ya 1935. Mwaka 1949, mafundi wa kituo cha televisheni mjini Charlotte walikuwa na mgogoro na mwajiri wao juu ya mkataba. Wakatoka mtaani kugawa vipeperushi vilivyouliza kama mji wao ni mji wa daraja la pili, maana kituo kilikuwa kinaonyesha filamu za zamani na hakina vifaa vya kurusha vipindi vya moja kwa moja vya hapo hapo mjini. Hata tukikubali kwamba kila neno lilikuwa kweli, karatasi ile haikutaja mshahara, mkataba wala mgogoro wenyewe. Walifukuzwa, na mwaka 1953 mahakama ikakubaliana na mwajiri: walikuwa wameiponda bidhaa yake, hawakuwa wakidai masharti ya kazi.

Sasa njoo Baltimore, Januari 1959, kwenye karakana ya kiwanda cha alumini. Baridi kali, na tanuru la kupasha joto jengo limeharibika. Wafanyakazi saba wakaona haiwezekani, wakaondoka wakaenda zao. Hawakuwa na chama cha kuwasemea, hawakuandika barua, na kiwanda kilikuwa na kanuni kwamba hakuna anayetoka bila ruhusa ya msimamizi. Wakafukuzwa. Mwaka 1962 mahakama ikaunga mkono amri ya kuwarudisha kazini na kuwalipa malimbikizo yao. Kama kuondoka kulikuwa uamuzi wa busara au la, mahakama haikujali. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa pamoja, na walichokilalamikia ni hali ya kazi yao.

Mafundi wenye vipeperushi walijieleza vizuri zaidi kuliko wale saba, na bado ndio waliopoteza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, katika mambo yako matatu ni moja tu lenye sheria nyuma yake: saa za ziada. Kwamba meneja hubadilisha mipango kila wiki ni kero, na nina hakika ni kweli, lakini hakuna mahakama itakayokukinga kwa kusema hivyo. Upendeleo nao unategemea meneja anampendelea nani. Kama huwabeba aliosoma nao, hayo ni maoni yako tu. Kama huwapa nafasi watu wa jinsia moja, dini moja au rangi moja, hapo tumeingia kwenye ubaguzi na hesabu inabadilika kabisa. Wewe umeandika "ana upendeleo" ukaishia hapo. Umelitupa jambo ambalo pengine lingekubeba.

Na upande wa pili wa sarafu hii watu hawaujui kabisa: unaweza kukosea na bado ukalindwa. Uingereza, kwa sheria ya watoa taarifa ya 1998, huangalia kama uliamini kwa sababu za msingi kwamba kuna kosa linalotendeka; ikija kugundulika baadaye kwamba hapakuwa na kosa, kinga yako haiondoki kwa hilo. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2019 yamekaa hivyo hivyo, na yanamtupia mwajiri mzigo wa kueleza kwa nini alikuchukulia hatua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa ionekane kwamba yalitolewa ovyo na hayana msingi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, nao unataja kupeleka malalamiko ya uvunjaji wa sheria miongoni mwa mambo yasiyoweza kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Nchi nyingi hazijauridhia, lakini wazo lake utalikuta katika sheria zao. Kwa maneno mengine, aliyekosea kuhusu saa za ziada kwa nia njema yuko salama kuliko aliyepatia kabisa kuhusu tabia ya bosi.

Halafu kuna hilo dodoso lisilo na majina. Wewe unaliona kama ngao, ila mwanasheria wa mwajiri wako atalitumia kama ngao yake yeye. Utetezi wake wa kwanza utakuwa mfupi: hatukujua nani aliandika nini. Ukishindwa kuonyesha kwamba walijua, hakuna kisasi, maana huwezi kumlipiza mtu usiyemjua. Ile ahadi ya kwenye kikao, hakuna atakayeadhibiwa, ni ushahidi mzuri ukiipata kwa tarehe na kwa majina ya waliokuwepo, lakini yenyewe haikupi haki ambayo sheria haikupi.

Basi fanya hivi. Andika barua fupi, ya jambo moja tu: saa za ziada. Taja tarehe, saa ulizofanya, aliyekupangia, na kwamba hukulipwa. Ongeza sentensi moja: "Suala hili nililieleza pia kwenye dodoso la tarehe fulani." Hapo unalikiri dodoso na unaifunga tarehe yake. Wenzako ambao nao hawalipwi wakikubali kutia saini, vizuri zaidi. Kumbuka wale saba. Meneja usimtaje kwa tabia yake, hata mstari mmoja. Ipeleke kwa njia inayoacha alama, barua pepe au nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiirudishe nyuma tarehe wala usijifanye iliandikwa kabla ya huo mpango wa miezi mitatu. Mpango wenyewe uujibu kwa maandishi hoja kwa hoja, na ufanye wanachokuagiza, hata kama unauona ni mtego. Kukaidi ndiko wanakokusubiria. Na zitafute tathmini zako za zamani. "Vizuri sana" iliyosainiwa na msimamizi kabla ya dodoso ina uzito kuliko mashahidi kumi wa kukusifu leo.

Kuondolewa kwenye mradi usikudharau kwa sababu mshahara ni uleule. Kuna mama aliyekuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika kampuni ya reli Marekani. Alilalamika juu ya udhalilishaji wa kijinsia wa msimamizi wake, akahamishiwa kazi ya sulubu ya kwenye njia ya reli, kisha akasimamishwa siku 37 bila mshahara. Fedha alikuja kulipwa zote baadaye, na kampuni ikasema basi hajapoteza kitu. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilikataa: kipimo ni kama kitendo kile kingemtisha mfanyakazi wa kawaida asithubutu kulalamika.

Sasa kuhusu kujiuzulu, na hapa nitawasemesha wote wanaofuata ushauri wa bure. Ukifukuzwa, katika nchi nyingi ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Ukijiuzulu, umeubeba mzigo huo wewe: uthibitishe kwanza kwamba ile saini yako haikuwa hiari yako. Inawezekana, nimewahi kuifanya, lakini ni mlima. Niliwahi kumtetea mtu aliyelipia kiolezo cha barua kwa mmoja wa hawa washauri. Kiolezo kilikuwa kizuri sana. Kilimalizika kwa "nashukuru kwa fursa mliyonipa na ninawatakia mafanikio". Wakili wa upande wa pili aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, taratibu, akavua miwani, akamuuliza mteja wangu: hapa ndipo ulipolazimishwa? Sikuwa na la kuongeza.

Washauri haohao ndio wanaofundisha watu kuwarekodi mabosi kwa siri, jambo ambalo kwingine ni ruhusa na kwingine ni kosa la jinai. Ndio wanaosema jitumie nyaraka za ofisi kwenye barua pepe yako binafsi, au waandikie wafanyakazi wote ujumbe mmoja wa kumwaga siri. Mwajiri aliyekuwa anahangaika kutafuta sababu, unamkabidhi mkononi: uvunjaji wa usiri, kesi imekwisha, na kisasi hakizungumzwi tena. Sijaona hata mmoja wao aliyesimama na mteja wake siku ya shauri.

Na hawakutajii muda. Marekani, anayelipiziwa kisasi kwa kulalamikia usalama kazini chini ya sheria ya 1970 ana siku 30 za kupeleka malalamiko. Chini ya ile sheria ya 1935 ni miezi sita. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mpango wako ni wa miezi mitatu. Ukisubiri uishe ndipo uanze kutafuta wakili, unaweza kukuta mlango wa kulalamikia kuondolewa kwenye mradi umefungwa zamani. Nenda wiki hii kwa chama chenu cha wafanyakazi au kwa wakili wa kazi, uulize swali moja tu: siku zangu zinahesabiwa kuanzia lini?

Rasimu yako nimeisoma. "Nashukuru" imo mara mbili. Ifute, uandike ile ya saa za ziada.