Ficha sifuri kwenye pivoti, ila data yenyewe usiiguse

Anaeweka rekodi za samaki huku Lamu atanielewa haraka. Kusi likishika, mwezi wa sita wa saba bahari inachafuka, vidau vidogo havitoki, na karani kwenye shiti anajaza 0, 0, 0 mpaka chini. Sasa ukitengeneza pivoti (PivotTable, jedwali la muhtasari ambalo Excel inakutolea kutoka kwenye data), aina za samaki kwa upande na miezi juu, unapata ukurasa umejaa sifuri, na kamba wa Kizingitini ambao ndio wazee wanataka kuwaona kwenye mkutano huwapati kwa macho.

Kuna wanaozifuta kwenye data kabisa. Jamani msifanye hivo! Sifuri maana yake karani alikuwepo na hakikushuka kitu, seli tupu maana yake hakuna alieandika. Ukishafuta, mwakani mtu akiuliza mwezi wa saba hawakuvua au karani alikuwa harusini Pate, utamjibu nini?

Mi natumia Conditional Formatting ya Excel, yaani fomati ya masharti, inayobadilisha mwonekano wa seli ikitimiza sharti ulilotoa. Bonyeza seli moja ya kilo ndani ya pivoti, sio ya jumla, nenda Home, Conditional Formatting, New Rule. Hapo juu kabisa utaulizwa sheria itumike wapi na ndipo watu wengi wanapapita mbio, manake Excel imeshachagua seli ulizoshika tu, kwa hio ukirifreshi mwezi mpya ukaingia au ukizungusha safu, sifuri zinarudi na wewe unalaumu kompyuta. Chagua ile ya tatu, inayosema seli zote zinazoonyesha kilo kwa samaki na mwezi. Ya pili nayo inafanya kazi ila inaingia mpaka kwenye jumla, na mi jumla nataka sifuri yake ionekane, samaki akikosekana mwaka mzima hio ni habari.

Halafu Format only cells that contain, Cell Value, equal to, 0. Bonyeza Format, Number, Custom, andika ;;; yaani nukta mkato tatu na basi. Zinatenganisha namba chanya, hasi, sifuri na maandishi, na kwa vile hujaweka chochote katikati hakuna kinachoonyeshwa. Thamani iko palepale, hesabu haibadiliki.

Rangi nyeupe ya maandishi sikushauri. Pivoti ikiwa na mistari ya rangi, sifuri nyeupe inang'aa vizuri tu juu ya buluu, na ukiprinti inatoka hivohivo.

Ukiona sifuri moja imegoma, ibonyeze uangalie ndani. Mara nyingi ni kilo 0.3 ambayo fomati haina desimali kwa hio inaonekana 0, na Excel iko sahihi kuiacha, mtu alivua hata kama ni kidogo. Ongeza desimali moja.

Ile sehemu ya For empty cells show kwenye PivotTable Options haihusiki na sifuri, ni ya seli tupu, mi huweka kistari hapo ili wajue haikuandikwa.

Na kama hutaki sifuri popote, jumla na yote, wala usijisumbue na masharti: bonyeza kulia, Value Field Settings, Number Format, Custom, andika #,##0;-#,##0;;@ umemaliza, na hata ukirifreshi inabaki.

Wanaotumia Google Sheets kwenye simu ama laptopu, masharti ya kule yanabadilisha rangi na mwandiko tu, fomati ya namba hayaigusi. Shika seli za miezi, jumla uiache, kisha weka hio fomati ya #,##0;-#,##0;;@ kwenye menyu ya Format, upande wa namba. Kwenye simu menyu hio inasumbua kuipata, fanyia kwenye laptopu.